Picha Ukutani, Kinyago Mkobani

Ukuta wa matofali mabichi haupendi msumari. Ukipigilia kwa nguvu, udongo unamomonyoka na kuacha tundu. Ukipigilia kwa upole, fremu inadondoka usiku wa mvua ya kwanza. Mwenye nyumba anayetaka picha ikae hufunga kamba kwenye boriti ya paa, au huzika kipande cha ubao ukutani ili msumari upate pa kushika. Hata hapo vita haijaisha: unyevu unakunja karatasi kwa mbele, mchwa wanatafuna mbao kwa nyuma. Na bado, kuanzia Kasuku na Mikelenge hadi Alunguli ng'ambo ya Lualaba, si rahisi kukuta chumba cha wageni mjini Kindu ambacho kuta zake hazijabeba kitu. Kalenda ya parokia. Picha ya harusi. Diploma ya mtoto wa kwanza kumaliza shule. Moyo Mtakatifu wa Yesu. Ayatul Kursiy kwa herufi za dhahabu juu ya kitambaa cheusi. Babu marehemu kwenye kiti cha studio, mikono magotini, hacheki.

Kinachoufanya mji huu uwe mahali pazuri pa kuuliza swali la zamani ni kwamba vitu hivyo mara nyingi ni vya ukoo mmoja. Mkoa wake, Maniema, ni mmojawapo wa mikoa ya Kongo yenye Waislamu wengi, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kugawana njia: huyu anakwenda msikitini, yule misani, wa tatu kwenye kanisa la uamsho ambalo spika zake zinasikika mtaa mzima. Wanakutana msibani, wanakaa chini ya ukuta uleule, na hapo maneno yanaanza. Picha iliyotundikwa ni pambo tu, kama kitambaa cha meza? Au kule kutundika kwenyewe tayari ni kukiri jambo?

Wengi hujibu kwa kutazama kilichomo ndani ya fremu: ni mtu au ni ua, ni mtakatifu au ni shetani. Lakini mapokeo makubwa matatu yaliyokutana Maniema, ya Kiislamu, ya Kikristo na ya wenyeji, yakifuatwa mpaka ndani, hayagombani sana juu ya kilichochorwa. Ugomvi wao ni juu ya mahali kitu kilipowekwa, na juu ya yanayofanywa na kusemwa mbele yake.

Uislamu ulifika na misafara ya pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, na Nyangwe na Kasongo zikawa miji yake. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyeingia Kasongo na jeshi la kikoloni la Dhanis mwezi wa Aprili 1893, aliandika kwa mshangao juu ya vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, mishumaa, na bilauri za fedha na za kioo vilivyokutwa humo. Ilikuwa anasa ya pwani, iliyobebwa kwa miezi vichwani mwa watu ambao wengi wao hawakuulizwa kama wanataka kubeba. Pwani kwenyewe, kule Lamu na Pate, matajiri wa karne ya 18 walikuwa wamejenga ndani ya nyumba zao zidaka za chokaa, safu juu ya safu, za kupangia sahani na bakuli za kauri kutoka Asia. Ukuta mzima ulikuwa maonyesho, bila sura ya kiumbe hata mmoja.

Chanzo cha tahadhari hiyo kinajulikana hata na mtoto wa madrasa. Bi Aisha alitundika pazia lenye picha nyumbani. Mtume aliporudi safarini hakulipenda, likatolewa, naye Bi Aisha akalikata na kushona mito ya kuegemea. Simulizi hili limo katika Bukhari na Muslim kwa njia zaidi ya moja, na kila njia inaleta sababu yake. Katika moja, picha zile zilikuwa zinamjia Mtume mbele ya macho wakati anaswali. Katika nyingine, kauli yake ni kwamba Mungu hakuwaamuru watu kuvisha nguo mawe na udongo. Sababu hii ya pili haitajwi sana kwenye mabishano ya msibani, na ni hasara, kwa maana haigusi picha hata kidogo: inagusa ukuta. Inauliza kwa nini binadamu anahangaika kulipamba tofali.

Jambo la kushika hapa ni ile mito. Kitambaa ni kilekile, nyuzi ni zilezile, lakini hukumu imebadilika. Wapo wanazuoni waliosema kwamba mkasi ulikata sura zenyewe, kwa hiyo hapakubaki picha. Lakini Imam Nawawi, nguzo ya madhehebu ya Shafii yanayofuatwa Afrika Mashariki na Maniema pia, aliyefariki mwaka 1277, aliweka mpaka wazi katika ufafanuzi wake wa Sahihi Muslim: sura ya kiumbe iliyotundikwa ukutani au iliyo kwenye vazi la heshima ni haramu, ile iliyo kwenye zulia linalokanyagwa au mto unaokaliwa si haramu kuitumia. Kuchonga na kuchora viumbe ni suala jingine, na huko alikuwa mkali. Kwa mwenye nyumba, hata hivyo, kinachoamua ni kimo. Kilicho juu kimetukuzwa, kilicho chini kimedharauliwa, na kiumbe cha kuchorwa hakistahili kutukuzwa.

Kamera ilileta mjadala mpya. Mwanzoni mwa karne ya 20 Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyewahi kuwa mufti wa Misri, alitoa hoja kwamba kupiga picha ni kukizuia kivuli kisikimbie, kama kioo kinavyofanya, wala si kushindana na Muumba. Babu wa kwenye kiti cha studio amekaa ukutani kwa kivuli cha hoja hiyo, ajue asijue.

Na ile Ayatul Kursiy ya dhahabu? Huyohuyo Nawawi aliandika kwamba ni makuruhu kuandika Kurani na majina ya Mungu kwenye kuta. Wengi hushtuka wakisikia. Lakini mwenye kufikiri anaona anachohofia: neno lililoteremshwa lisomwe limegeuzwa kitu cha kutazamwa, na kitu cha kutazamwa kikizoeleka hakitazamwi tena. Vumbi linakaa juu yake, watoto wanarusha mpira chini yake.

Wakristo walishaumizana juu ya jambo hili karne nyingi kabla mmisionari wa kwanza hajakanyaga Lualaba. Amri ya kitabu cha Kutoka, sura ya 20, inakataza sanamu ya kuchonga na inakataza kuisujudia. Kwa miaka zaidi ya elfu moja watu wameulizana kama hayo ni makatazo mawili au ni moja. Mnamo mwaka 600 Papa Gregori Mkuu alimkemea Serenus, askofu wa Marseille, aliyevunja picha kanisani mwake: alimsifu kwa kuzuia watu wasiziabudu, akamlaumu kwa kuzivunja, kwa kuwa asiyejua kusoma husoma ukutani. Karne ya nane wafalme wa Konstantinopoli wakaanza kuziondoa kwa nguvu. Mtetezi mkuu wa picha, Yohane wa Dameski, aliandika akiwa katika nchi ya makhalifa wa Bani Umayya, yaani alilindwa na utawala wa Kiislamu dhidi ya mfalme Mkristo ambaye angemnyamazisha. Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, ukafunga shauri: heshima inayotolewa kwa picha inapita na kumfikia aliyechorwa, ila ibada ni ya Mungu peke yake.

Mama Mkatoliki wa Kindu anayegusa fremu ya Bikira Maria kabla ya kwenda sokoni anatembea juu ya sentensi hiyo ya Nikea. Jirani yake mlokole anaona sanamu tu. Wote wawili wangekubali, kama wangetulia, kwamba kisa si karatasi iliyochapwa. Kisa ni mkono ule unaogusa.

Kongo yenyewe iliongeza ukurasa wake. Simon Kimbangu alipoanza kuhubiri kule Nkamba mwaka 1921, watu waliacha na kuteketeza nkisi zao, hirizi na sanamu za nguvu, kwa wingi. Utawala wa Kibelgiji ukamfunga hadi kifo chake mwaka 1951 huko Elisabethville. Leo picha yake mwenyewe inatundikwa kwa heshima katika nyumba za wafuasi wake. Historia haikosi mzaha.

Moto, kwa kweli, ndio hoja dhaifu kuliko zote katika shauri hili, ingawa ndiyo inayoonekana kwa mbali. Tangu miaka ya 1980 na 1990 makanisa ya uamsho yameenea Kongo nzima, na ushuhuda wa mtu aliyetoa vinyago vya babu vikachomwa mbele ya waumini umekuwa wa kawaida. Mchungaji anasema mti ule una nguvu. Mmisionari wa zamani alisema hauna. Mchungaji, basi, anaiamini sanamu kuliko alivyoiamini yule aliyekuja kuipinga.

Wenye vinyago vyenyewe walisema nini? Hapa Maniema ina jambo ambalo wapigaji soga wa falsafa wa Ulaya walilisikia kwa kuchelewa. Mashariki ya Kindu, katika eneo la Pangi, na kuendelea hadi Shabunda na Mwenga katika Kivu ya Kusini, wanakaa Balega. Mpangilio wao wa maadili unaitwa bwami: chama cha ngazi ambamo mwanamume hupanda daraja baada ya daraja, wengi wakiishia njiani, wachache wakifika yananio, na wachache zaidi kindi, kilele. Mke hupanda pamoja naye katika vyeo vya wanawake, hadi bunyamwa, na mwanamume asiye na mke wa cheo hicho hafiki kileleni. Kupanda kunataka mali, nyama, ndugu wa kukudhamini, na mwenendo usio na doa. Mgomvi hapandi. Wala fukara asiye na ukoo wa kumchangia hapandi, na hilo lisifichwe.

Vitu vya sanaa vya bwami ndivyo vinavyofanya wanunuzi wa Brussels na Paris wafungue pochi: vinyago vidogo na sanamu za pembe za ndovu, mifupa na mti. Chukua kimoja, lukwakongo cha watu wa yananio. Ni kinyago cha mti chenye ukubwa wa kiganja kilichonyooshwa, uso wa umbo la moyo umepakwa udongo mweupe, macho ni mipasuo miwili, kidevuni zinaning'inia ndevu ndefu za nyuzi. Ni kidogo mno kufunika uso wa mtu mzima, na mara nyingi hakivaliwi usoni. Mwenyewe hukishika mkononi, au hukifunga kwenye paji, au kisogoni. Hukiweka begani, gotini. Hukikokota ardhini kwa kuvuta ndevu. Na naam, hukitundika pia: katika hatua fulani ya ngoma vinyago hupangwa kwenye ua mdogo uliojengwa kwa ajili hiyo, kikubwa kimoja katikati na vingine vikikizunguka. Kila tendo lina methali yake inayoimbwa. Methali ikiisha na tendo limekwisha, vinyago vinashushwa vinarudi mkobani.

Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia kutoka Ubelgiji aliyeishi na Balega miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1973, alikusanya methali hizo kwa mamia. Sanamu yenye vichwa vingi, Sakimatwematwe, inaendana na neno juu ya mtu aliyemwona tembo ng'ambo ya mto mkubwa: mzee wa kweli anatazama pande zote kabla ya kuamua. Sanamu ya mwanamke mjamzito inaonya juu ya uzinzi na balaa lake. Lakini sanamu hiyohiyo katika sherehe nyingine inaweza kubeba funzo jingine kabisa, kwa hiyo mtu anayeitazama tu, hata aitazame mwaka mzima, hajui inasema nini. Lazima mwenye haki ya kuisemea awepo, aimbe, aicheze.

Baada ya kuonyeshwa, pembe zile hupakwa mafuta ya mbarika, yaleyale ambayo waheshimiwa wa bwami hujipaka mwilini. Rangi ya asali na mng'ao laini unaosifiwa kwenye orodha za minada ni mikono ya vizazi na mafuta hayo. Mwenye cheo akifariki, vitu vyake vilikuwa vikiwekwa kaburini kwa muda, ndugu mmoja akivilinda, halafu vikakabidhiwa atakayefuata katika ukoo. Hakuna aliyevitundika sebuleni avione kila apitaye. Kuonyesha bila sababu ni kukivua kitu cheo.

Hapo ndipo mkoba wa Mlega na mto wa Bi Aisha vinapokaribiana, japo wenyewe wasingekaa meza moja. Wote wawili walijua kwamba ukuta si bubu. Ukikiinua kitu na kukiacha hapo juu, umekipa daraja la kudumu bila kukiuliza kazi yake. Mtume akakishusha hadi kwenye kiti. Mzee wa kindi akakiinua kwa muda wa wimbo mmoja, akakirudisha gizani. Mkatoliki yuko upande mwingine: anakiacha juu, lakini anatakiwa na kanisa lake akipite, amfikie aliye nyuma yake. Kati ya njia hizo tatu, ile ya Balega ndiyo iliyofikiri kwa ndani zaidi juu ya kuonyesha kama tendo lenye mwanzo na mwisho. Kwamba ndiyo iliyopigwa marufuku ni jambo la kusikitisha: utawala wa kikoloni, ukiona uasi ndani ya kila mkutano usiouelewa, ulikivunja chama cha bwami kisheria mwaka 1948, na katika miaka hiyo ya kubanwa vitu vyake vingi vikapita mikononi mwa maofisa, wachuuzi na wakusanyaji. Kimoja baada ya kingine vikafika ukutani.

Ukuta wa nchi, nao, una dini yake. Chini ya Mobutu kila ofisi ilikuwa na picha ya kofia ya chui, na mfanyabiashara mwenye akili aliweka yake dukani. Mwanzoni mwa 1997 waasi wa AFDL waliingia Kindu na picha zikashuka, zikapanda nyingine. Oktoba 1998 waasi wengine, wa RCD, wakauteka mji, zikashuka tena. Msumari mmoja umebeba wakubwa wangapi! Hakuna aliyeita jambo hilo ibada, lakini ole wake aliyechelewa kubadilisha.

Kuna ukuta mwingine wa Kongo ya Waswahili unaostahili kutajwa, nao uko kwenye reli inayotoka Kindu kwenda kusini. Mjini Lubumbashi, miaka ya 1970, mafundi walichora kwenye mifuko ya unga iliyotandazwa picha za kutundikwa katika vyumba vya wageni vya wafanyakazi wa migodi na makarani. Johannes Fabian, aliyefundisha huko, alikuta kwamba wenyewe waliziita ukumbusho. Zilionyesha msafara wa watumwa na Waarabu, askari wa Colonie belge akimchapa mfungwa, Lumumba amefungwa kamba. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alimtengenezea Fabian historia nzima ya nchi katika picha mia na kitu, na kila moja aliieleza kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Picha hizo hazikukusudiwa kupendeza. Zilitundikwa ili mgeni aulize, na mwenye nyumba apate kusimulia yaliyompata baba yake.

Katika kuta zilezile alikuwako Mamba Muntu, yule mwanamke nusu samaki mwenye kioo na nywele ndefu, anayetoa utajiri kwa masharti. Naye alikuwa chanzo cha maongezi: nani kapata mali wapi, na kwa kumtoa nani. Wimbi la uamsho lilipopanda, wengi walimshusha. Kwa wanaume waliokuwa wakibishana chini yake kila Jumapili, kilichoondoka si pambo, ni mada.

Kwa kipimo hiki, mchoro wa Tshibumba uko karibu na lukwakongo kuliko kinyago cha lukwakongo chenyewe kinaponing'inia katika ukumbi wa tajiri wa Ulaya. Mmoja una mtu wa kuusemea. Kingine kina taa nzuri.

Ndiyo sababu mazungumzo ya sasa ya kurudisha mali za Kongo yana shimo katikati yake. Ubelgiji ilipitisha sheria mwezi wa Julai 2022 inayofungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, na makumbusho yake ya Tervuren yana hazina kubwa kutoka Maniema na Kivu. Kinshasa ina Makumbusho ya Taifa mapya, yaliyofunguliwa mwaka 2019 kwa fedha za Korea Kusini. Mabishano ni juu ya umiliki, usafiri, bima, joto na unyevu. Tuseme pembe za kindi zimerudi, zimepangwa, tiketi zinauzwa mlangoni. Kwa bwami, haki ya kuziona ililipiwa kwa miaka ya mwenendo na mali, na asiye na cheo hakuziona. Je, mtoto wa shule wa Kindu, Mlega au Mkusu, Mwislamu au Mmethodisti, azione bure kwa kuwa ni urithi wa taifa? Pengine ndiyo, taifa nalo ni ukoo, na siri ya zamani ilikuwa pia kufuli dhidi ya maskini. Lakini aone nini? Pembe iliyochongwa, na kikaratasi chenye mwaka na vipimo?

Bwami haijafa. Katika Pangi na Shabunda wapo wazee wanaojua ni methali ipi inaimbwa kinyago kikikokotwa kwa ndevu, na ipi kikipanda kwenye ua. Kazi ya kupanga maonyesho ingeanzia kwao, kabla fundi wa vioo hajaitwa kupima.